Upande wa Anodi

Mwanzoni mwa Mei 1800, jijini London, William Nicholson na tabibu Anthony Carlisle walikuwa na betri waliyoiunda wenyewe kwa sarafu za fedha na vipande vya zinki, vilivyopangwa kwa kupokezana na kutengwa kwa vipande vya karatasi ngumu vilivyoloweshwa. Barua ya Alessandro Volta iliyoeleza jinsi ya kuunda kifaa hicho ilikuwa bado haijachapishwa, ila ilikwisha kupita mikononi mwao. Wakaziingiza nyaya mbili za shaba iliyochanganywa na zinki katika mrija wa maji. Kwenye ncha ya waya mmoja vikapanda viputo vya hidrojeni. Kwenye ncha ya pili hakikutoka kiputo hata kimoja: waya ulififia, ukageuka rangi ya chungwa iliyokolea, kisha ukawa mweusi. Oksijeni ilionekana pale tu walipoacha shaba na kutumia platini, metali isiyoshikwa na kutu kwa urahisi. Vitabu vya shule hukumbuka platini na kuisahau shaba, na hivyo wanafunzi hufundishwa kwamba umeme ukipita majini hutoa gesi mbili, basi. Kumbe siku ile ile ya kwanza upande wa pili ulionyesha tabia yake halisi: pakiwapo kitu kinachotoa elektroni kwa wepesi kuliko maji, umeme hukishika hicho kwanza, na oksijeni hungoja zamu yake.

Leo maabara nyingi za kemia, tangu Hunan na Beijing hadi Utah na Leiden, zinatafuta vichocheo vya kuitumia tabia hiyo. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Katika elektrolisisi ya maji, hidrojeni hutoka kwenye kathodi na ina soko. Oksijeni hutoka kwenye anodi, aghalabu huachiwa ipae hewani, na kuitoa ndiko kunakokula umeme mwingi. Basi mbona tusiipe anodi kazi nyingine, kwa mfano kuoksidisha alkoholi, sukari au aldehidi za mimea ziwe asidi zenye bei? Umeme utapungua, na pande zote mbili zitauzwa. Tangazo la utafiti wa namna hii huandikwa karibu kila mara kama habari ya hidrojeni ya bei nafuu, na hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wake. Historia ya miaka zaidi ya 200, ikisomwa kwa kuufuata waya wa pili, inaonyesha kwamba kinachoamua maisha ya kiwanda cha aina hii ni bidhaa ya anodi. Hidrojeni huja kama zao la pembeni, na anayepanga hesabu zake kwa kuanzia na hidrojeni huzianza kinyume.

Sababu ya kwanza ni kanuni ambayo hakuna kichocheo kinachoweza kuikwepa. Mwaka 1834 Michael Faraday, akisaidiwa na William Whewell wa Cambridge, alileta majina ya elektrodi, anodi na kathodi. Katika kipindi hicho hicho aliimarisha kanuni kwamba kiasi cha dutu inayotokea kwenye elektrodi hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Kila molekuli ya hidrojeni hudai elektroni 2, na elektroni hizo lazima ziwe zimetolewa na kitu fulani upande wa anodi. Kwa hiyo uwiano wa bidhaa hizo mbili haupangwi na meneja wala mwekezaji. Ukitaka hidrojeni kiasi hiki, utapata mwenzake kiasi kile, upende usipende, na huyo mwenzake karibu siku zote ni mzito mara nyingi zaidi, kwa kuwa hakuna atomu nyepesi kama ya hidrojeni. Faraday huyo huyo aliona kwamba chumvi ya asidi ya siki ikipitishiwa umeme hutoa gesi yenye kaboni kwenye anodi. Mjerumani Hermann Kolbe akalifuatilia jambo hilo, na mwaka 1849 akachapisha kazi aliyodhani imemfikisha kwenye kipande huru cha methili. Kwa kweli alikuwa ametengeneza ethani, vipande viwili vilivyoungana. Kosa lake la nadharia halikumzuia kuwa mwasisi wa kemia ya kaboni kwa njia ya umeme. Katika seli yake hidrojeni ilikuwa ikipanda kwenye kathodi wakati wote, wala hakuijali.

Kipimo kikubwa zaidi cha hoja hii kiko kwenye klorini. Maji ya chumvi yakipitishiwa umeme, anodi hutoa klorini, kathodi hutoa hidrojeni, na kinachobaki majini ni kostiki soda ile ile wanayoinunua watengeneza sabuni. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Griesheim ya Ujerumani ilikuwa ikitumia seli yenye kizuizi kati ya pande mbili, na Mmarekani Hamilton Castner, aliyefanya kazi Uingereza, pamoja na Karl Kellner wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, wakabuni seli ya zebaki. Kwa kila kilo 1 ya hidrojeni viwanda hivi hutoa zaidi ya kilo 35 za klorini na karibu kilo 40 za kostiki soda. Vimedumu kwa sababu dunia iliweza kuzimeza kilo hizo zote, kwa karatasi, sabuni, maji safi na baadaye mabomba ya plastiki. Hidrojeni yao ilichomwa kutoa mvuke, ikagandishia mafuta ya kula, ikajaza puto, na mara nyingine iliachwa ipotelee hewani. Hakuna aliyejenga kiwanda cha klorini ili apate hidrojeni.

Katika tasnia hiyo tunaona pia maana ya kichocheo bora kwa mtu anayeendesha kiwanda. Kwa miongo mingi anodi zilikuwa za grafiti. Grafiti huliwa polepole. Nafasi kati ya anodi na kathodi hupanuka, volti hupanda, na mafundi walilazimika kuzisogeza na kuzibadilisha bila kukoma. Katika miaka ya 1960 Mholanzi Henri Beer alipaka bamba la titani tabaka jembamba la oksidi za rutheni na titani, lenye unene wa mikromita chache, na De Nora wa Italia wakaliingiza sokoni. Anodi hiyo ilipunguza volti, na ni kweli jambo hilo lilipendwa. Ila sifa iliyoieneza duniani ilikuwa kwamba haikubadilika umbo, na iliweza kukaa katika klorini ya moto miaka kwa miaka. Tukumbuke kipimo hicho cha miaka, maana tutakihitaji mbele.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba viko viwanda vilivyotengeneza hidrojeni peke yake kwa umeme na vikastawi. Ni kweli vilikuwapo. Mashuhuri kuliko vyote kilikuwa Vemork, karibu na Rjukan nchini Norwe, ambapo Norsk Hydro ilianza kutoa hidrojeni kwa ajili ya amonia na mbolea mwishoni mwa miaka ya 1920, ikitumia umeme wa maporomoko. Barani Afrika, KIMA ya Aswan nchini Misri ilianza mwaka 1960 kwa nguvu za mto Nile, na Sable Chemicals ya Kwekwe nchini Zimbabwe ikafuata katika miaka ya 1970 kwa umeme wa Kariba. Lakini tutazame yaliyovipata. Vyote vitatu vilitegemea umeme wa bei ya chini mno, uliokuwa umekosa mnunuzi mwingine. Miji ilipokua na gridi zikaungana, umeme ule ukapata wateja, na hidrojeni ya gesi asilia ikavishinda viwanda hivyo kwa bei. Vemork ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Aswan ikahamia kwenye gesi, Kwekwe ikazima seli zake mwaka 2015. Na Vemork haikuingia katika vitabu vya historia kwa hidrojeni yake. Ilikumbukwa kwa maji mazito yaliyoanza kukusanywa humo mwaka 1934, zao la pembeni ambalo makomando wa Norwe walihatarisha maisha yao kuliharibu Februari 1943.

Ushahidi mkali zaidi unatoka BASF, Ujerumani. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza kwa umeme, ndani ya methanoli, malighafi ya manukato yenye harufu ya yungiyungi. Kazi ilifanyika kwenye anodi, na kathodi ilitoa hidrojeni. Hiyo ni picha kamili ya kile kinachotangazwa leo. Mwaka 1999 wahandisi wake walifanya nini? Waliiondoa hidrojeni. Badala yake waliipa kathodi kazi ya kutengeneza fthalidi, malighafi ya dawa za kukinga mimea, ili umeme ule ule ulipie bidhaa mbili ghali. Waliokuwa na hidrojeni ya bure mkononi, wakiwa na mizania ya hesabu mezani, waliona afadhali waiuze nafasi yake kwa kitu kingine. Sisemi kwamba uamuzi huo ungefanana leo kila mahali, kwa kuwa hidrojeni isiyotokana na gesi sasa ina ruzuku na wateja ambao mwaka 1999 hawakuwapo. Nasema tu kwamba ilishindanishwa na kemikali, ikashindwa.

Kufikia wakati huo kichocheo ambacho watafiti wa leo wanakipenda kuliko vyote kilikuwa kimekwisha kueleweka. Nikeli ikiwekwa katika alkali hufunikwa na hidroksidi ya kijani kibichi iliyopauka. Ikivutwa hadi volti zipatazo 1.35 juu ya elektrodi ya hidrojeni, tabaka hilo huwa jeusi. Alkoholi ikiongezwa, weusi huo hunyang'anya molekuli elektroni zake na kurudi kijani, umeme unaufanya mweusi tena, na mzunguko unaendelea. Martin Fleischmann, Korinek na Derek Pletcher waliueleza mwaka 1971. (Ni Fleischmann yule yule ambaye mwaka 1989 alijiletea aibu kwa madai ya muungano wa nyuklia katika chupa, lakini kazi yake ya nikeli haina doa.) Watafiti wa Uswisi wakaichukua nikeli hiyo kwa ajili ya vitamini C, ambayo katika njia ya Tadeus Reichstein huhitaji hatua ya kuoksidisha sukari iliyokingwa. Kwa vile mwendo ule ni wa polepole, walihitaji eneo kubwa la nikeli katika nafasi ndogo. Wakachukua nyavu za nikeli, wakazitenganisha kwa nyavu za plastiki, wakaziviringisha pamoja kama mkeka, na kuzisukumizia majimaji katikati. Hidrojeni ilitoka kila kona ya kifaa hicho. Kilichokuwa kikitengenezwa kilikuwa vitamini.

Fikra ya kubadili kazi ya anodi kwa ajili ya hidrojeni yenyewe ilikuja na misukosuko ya bei ya mafuta. Mwaka 1979 Coughlin na Farooque wa Connecticut walionyesha katika jarida la Nature kwamba unga wa makaa ya mawe ukitiwa kwenye anodi, hidrojeni hupatikana kwa chini ya volti 1, ilhali maji peke yake hudai 1.23 kinadharia na kati ya 1.8 na 2 viwandani. Mwaka 2009 Gerardine Botte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio walifanya hivyo kwa urea, kitu kilichojaa kwenye mkojo. Kinadharia urea inadai volti 0.37 tu, lakini kwa vitendo nikeli haianzi kazi kabla ya kuwa nyeusi, hivyo faida kubwa ya karatasini ilimezwa na kichocheo. Na katika kisa cha makaa na cha urea, anodi ilitoa gesi zisizouzika. Kisha ikaja awamu ya kutafuta thamani: mwaka 2014 kikundi cha Florence kilitumia paladi juu ya mirija midogo ya oksidi ya titani kuoksidisha alkoholi, mwaka 2015 Cha na Choi wa Wisconsin waligeuza HMF, aldehidi ipatikanayo kwenye sukari, kuwa FDCA, asidi inayoweza kutengenezewa chupa za plastiki bila petroli, mwaka 2016 Bo You na Yujie Sun wa Utah walifanya hivyo kwa fosfidi ya nikeli pande zote mbili, kwa takriban volti 1.44, pungufu ya volti 0.2 hivi kuliko maji matupu. Wimbi la makala lililofuata halijatulia. Metali zake nyingi ni nikeli na kobalti, za aina ile iliyomo ardhini Kabanga na inayochimbwa Kolwezi, na hilo peke yake ni nafuu ikilinganishwa na iridi ya anodi za baadhi ya seli za maji, ambayo dunia nzima huchimba tani chache tu kwa mwaka.

Sasa tuweke hesabu. Kwa kanuni ya Faraday, kilo 1 ya hidrojeni hudai kilowati-saa 26.6 kwa kila volti 1. Kuokoa volti 0.2 ni kuokoa kilowati-saa 5.3; umeme ukiwa senti 5 za dola kwa kilowati-saa, hiyo ni senti 27. Kilo hiyo hiyo ya hidrojeni, ikitoka kwenye seli ya HMF, huambatana na kilo 26 za FDCA. Hata tukiithamini FDCA kwa dola 1 tu kwa kilo, anodi imeleta dola 26 dhidi ya senti 27 za umeme uliookolewa. Na kabla ya hapo imekula kilo 21 za HMF, ambayo si rahisi kupatikana wala si ya bei ya chini. Asilimia 1 ya HMF ikiharibika njiani kunapotea uzito wa gramu 210, na thamani yake hukaribia ile ya volti zilizohangaikiwa. Hapo utaona kwa nini kulinganisha vichocheo kwa volti pekee ni kuhesabu chenji na kuacha noti mezani.

Mpinzani wa kwanza atasema: basi ongezeni ukubwa, hidrojeni nayo itakuwa nyingi. Dunia hutumia hidrojeni tani milioni 95 na ushee kwa mwaka. Kuipata yote kwa njia hii kungeleta FDCA tani bilioni 2.5, ilhali plastiki zote za dunia kwa mwaka ni kama tani milioni 400. Bei ya asidi hiyo ingeanguka zamani kabla ya kufika huko, kama ilivyoanguka bei ya gliseroli ghafi pale dizeli ya mimea, inayoacha kilo 100 za gliseroli kwa kila tani, iliposambaa miaka ya 2000. Mpinzani wa pili ana silaha nzuri zaidi. Watafiti wa Hunan wameonyesha kwamba shaba huweza kuoksidisha aldehidi kama fafura kwa volti ndogo sana, na kwamba hidrojeni hutoka pande zote mbili, anodi na kathodi, kwa takriban kilowati-saa 0.35 kwa mita ya ujazo badala ya 5. Ni kemia nzuri mno, nami sioni kasoro katika vipimo vyake. Ila nguvu ile haikutoka hewani: ilikuwa imo ndani ya aldehidi. Kila kilo ya hidrojeni hula kilo 48 za fafura. Fafura ilianza kutolewa kwenye maganda ya oti ya Quaker Oats mwaka 1922, na baadaye kwenye makapi ya miwa huko Sezela, Afrika Kusini, na yeyote aliyewahi kuinunua hataichukulia kuwa fueli. Yuko wa tatu anayetaja taka: chupa za plastiki ya PET, ambazo watafiti wa Tsinghua walizigeuza mwaka 2021 kuwa fomati, asidi ya tereftaliki na hidrojeni. Huyu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, kwa sababu malighafi yake ni taka. Bado fomati ina soko dogo.

Jambo moja ninalikubali bila masharti. Seli isiyotoa oksijeni haichanganyi gesi mbili zinazolipuka, hivyo inaweza kuendeshwa kwa umeme wa jua unaopanda na kushuka bila hofu ile inayowalazimu waendeshaji wa seli za maji kuzizima mzigo unapokuwa mdogo. Faida hiyo haimo katika volti, na kwa maoni yangu imesemwa kidogo kuliko inavyostahili.

Kazi ngumu iko baada ya kichocheo. Seli nyingi za maabara hutumia alkali kali, ambamo HMF hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia ikiachwa kwa saa chache. FDCA inayotoka ni chumvi iliyoyeyuka. Ili kuipata lazima utie asidi. Kwa kilo 26 zinazofuatana na kilo 1 ya hidrojeni, asidi ya salfa itaacha salfeti ya potasiamu kilo 29, uzito uliopita wa bidhaa yenyewe. Salfeti hiyo ni mbolea, ni kweli, lakini sasa kiwanda cha hidrojeni kimekuwa duka la vitu vitatu. Uteuzi wa kichocheo nao unahusu zaidi kile kinachotoka kuliko umeme unaoingia: kikundi cha Marc Koper huko Leiden kilionyesha mwaka 2012 kwamba atomu za bismathi juu ya platini huielekeza gliseroli kuwa dihidroksiasetoni, inayotiwa katika krimu za kuupa mwili rangi ya jua, badala ya kuisambaratisha. Hapo kichocheo kinalipa. Kisha kuna muda. Makala nyingi huripoti makumi ya saa za kazi, chache mamia. Anodi ya Beer ilihukumiwa kwa miaka.

Mwaka 2024 kampuni ya Avantium ilizindua kiwanda cha FDCA huko Delfzijl, Uholanzi, chenye uwezo wa tani 5,000 kwa mwaka. Kiliundwa kioksidishe malighafi yake ya sukari kwa hewa na kichocheo cha kawaida, bila elektrodi. Kingalitumia seli za umeme, hidrojeni yake ya mwaka mzima ingalikuwa tani 190 hivi, za kutosha kutengeneza amonia tani elfu moja na ushee; na bado ni asidi ile, iuzwayo kwa watengeneza chupa na filamu za vifungashio, ambayo ingalilazimika kulipia seli, HMF, chumvi na mishahara.